Wanakariri tashbiha ila kwenye hadithi hawaioni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili huku Kigoma. Wanafunzi wangu ukiwauliza tashbiha ni nini, ile ya kufananisha vitu viwili kwa "kama", wanakujibu darasa zima kwa pamoja, ila wape hadithi fupi waitafute sasa, kila wakiona "kama" wanapigia mstari, hata "kama mvua ikinyesha hatutoki" nayo eti tashbiha. Muundo na mtindo ndo usiseme, wanachanganya kila siku. Na vitabu vyenyewe vichache. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Hao watoto hawana tatizo la kichwa, wamepewa jina la kitu kabla ya kukiona chenyewe. Hizo fasili ziweke pembeni kwanza, mtihani usikutishe.

Muundo, yaani mpangilio wa matukio, wafundishe kwa stori ya Liemba, si meli yao wenyewe hiyo, wameisikia tangu wadogo. Waandikie ubaoni: 1913 inaundwa Ujerumani, inaletwa kwa vipande inaunganishwa hapo Kigoma, 1916 Wajerumani wenyewe wanaizamisha adui asiipate, 1924 Waingereza wanaiibua, 1927 inarudi kazini kwa jina jipya. Ukisimulia hivyo ni muundo wa moja kwa moja. Sasa mwambie mmoja aanzie 1924, meli inatoka majini imejaa tope, watu wako ufukweni wanashangaa, halafu ndo arudi nyuma aeleze ilifikaje huko chini. Matukio yaleyale, mpangilio mwingine, huo ni rejeshi. Wa tatu hapangui chochote, anasimulia tu kama yeye ndo meli, "walinitoboa wale wale walioniunda", mwingine atie majibizano ya mabaharia, mwingine aweke barua. Hapo sasa umegusa mtindo, yaani namna ya kusimulia. Wakishafanya kwa midomo yao wengi hawachanganyi tena (wawili watatu hawakosekani, usiumize kichwa).

Ile "kama" nayo ina dawa. Kila wakiiona waulize: nini kinafananishwa, na nini? "Ziwa limetulia kama kioo" wana jibu, ziwa na kioo. "Kama mvua ikinyesha" hawana, wanafuta. Ila kuna mtego mmoja walimu wengi tunaupita: "Juma ni mrefu kama kaka yake." Vitu viwili vipo, lakini hapo umepima urefu tu, mtu kwa mtu, picha hakuna. Tashbiha inaleta kitu cha jamii nyingine kabisa, ukisema Juma mrefu kama mnazi hapo sawa.

Afu usihame ziwani. Ondoa "kama", sema "ziwa leo ni kioo", umepata sitiari. Sema "ziwa limenuna", tashihisi, kitu kimepewa tabia ya mtu, na hiyo wavuvi wa Kibirizi wanaisema bila kujua ina jina. Mubaalagha, kutia chumvi, ndo rahisi kuliko zote, waulize nani kashasikia mvuvi akielezea ukubwa wa samaki aliyemponyoka, darasa litacheka na hawatasahau.

Lakini kutaja jina ni nusu ya kazi, na hapa ndo maksi zinapotea. Mwanafunzi anaandika "mwandishi ametumia tashihisi" anaweka nukta. Muulize imefanya nini? "Ziwa limenuna" limekutia wasiwasi kabla upepo haujaja, mtumbwi bado uko mwaloni na wewe ushaogopa. Hicho ndo anachotakiwa kuandika.

Kuhusu vitabu, aya moja nzuri ubaoni inatosha kipindi kizima. Vile vijitabu vya uchambuzi vya mitaani waachie wenyewe, mtoto anakariri dhamira za riwaya ambayo hajawahi hata kuifungua.

SWALI: Mwanangu yuko darasa la tano hapa Ujiji, anasoma hadithi anamaliza, nikimuuliza inahusu nini ananijibu "nzuri" basi. Nimsaidieje, mimi si mwalimu?

JIBU: Swali lako kubwa mno kwake mama, hata mtu mzima linamshinda. Muulize nani alikuwa anataka nini, na nani au nini kilimzuia. Akijibu hayo mawili kashakupa mhusika mkuu na mgogoro, hata kama majina hayo hayajui. Dhamira muachie mwalimu wake.