Kumpeleka mama Royal Albert Hall: mlango, ukaguzi na magoti

Dada, umeuliza kama ukaguzi wa mlangoni kwenye ukumbi wa muziki wa Royal Albert Hall utamchosha mama yako aliyekuja London kukutembelea, na kama ataweza kupanda ngazi na magoti yake yanayomsumbua. Ataweza, ila panga mapema.

Kwanza tazama mlango ulioandikwa kwenye tiketi. Jengo ni la mviringo kama yai, milango ina namba 1 hadi 12, na ukikosea mtalizunguka kwa miguu. Kosa hilo nililifanya mwenyewe nikiwa na mama mkwe, upepo wa Januari ukimpiga usoni. Alipofika kitini hakuwa na hamu tena ya muziki. Pandeni basi la 9 au la 52, yanasimama hapo hapo karibu. Kutoka stesheni ya South Kensington ni kama robo saa kwa miguu, na barabara inapanda.

Begi kubwa liache nyumbani. Mkoba wa mama utafunguliwa: dawa ziwe juu, ndani ya boksi lenye jina lake, zisije zikatafutwa chini ya kanga na tasbihi watu wakisubiri. Na umweleze mapema kwamba kila mtu anakaguliwa, asidhani ametiliwa shaka kwa sababu ya buibui lake. Hilo huumiza kuliko foleni yoyote.

Lifti zipo, lakini ndani bado kuna ngazi kati ya safu. Piga simu ofisi ya tiketi uombe kiti kisicho na ngazi. Chooni aende kabla ya mapumziko, foleni ya wanawake huwa ndefu mno.