Usiseme Diski ya SCSI Imekufa Kabla Hujakagua Kebo Yake

Kijana fundi kutoka Morogoro ameniandikia. Ana kompyuta ya zamani yenye diski ya SCSI, yaani aina ya zamani ya kuunganisha diski kwa kebo na kadi maalumu: kompyuta inapata umeme, kadi hiyo inajitambulisha kwenye skrini, halafu inaganda hapohapo. Bosi wake ameshamwambia amshauri mteja anunue mpya. "Kaka, nikubali yaishe?" anauliza. Hapana, mdogo wangu, usikubali. Na kwa kuwa ninyi mnaonisoma mnataka kuwa mafundi wa kuitwa pale wengine waliposhindwa, nitawasimulia kazi niliyoikamilisha hivi karibuni.

Kuna kiwanda kidogo cha uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam. Mashine yao ya kutolea filamu za kuchapia inaendeshwa na kompyuta yenye Windows NT 4.0, mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft, na programu yake imefungwa kwa ufunguo unaochomekwa nyuma ya kompyuta hiyohiyo. Ukiitupa kompyuta, umetupa na mashine. Usiku mmoja umeme ulikatika, asubuhi kompyuta ikagoma kuwaka. Mzee mwenye kiwanda akaita duka moja kubwa la kompyuta. Walifungua kasha, wakabadilisha kebo, wakatangaza kwamba diski imekufa, wakamwachia makadirio ya mfumo mpya.

Duka lile nalifahamu, nimewahi kufanya kazi pale. Nilikuwa nikibaki jioni kusoma vijitabu vya kadi za SCSI za kampuni ya Adaptec, wenzangu wakaniita fundi wa makumbusho, na mwisho nikaambiwa mtu wa namna yangu hana nafasi. Naandika haya bado linaniuma. Kwa hiyo Mzee aliponipigia na kunitajia waliotangulia, nilienda nimejiandaa.

Kwanza niliwasha na kusikiliza, bila kugusa kitu. Diski ilikuwa Seagate Cheetah, ukoo ulioanza mwaka 1996 kwa mwendo wa mizunguko 10,000 kwa dakika. Ikiwa nzima, mlio wake unapanda taratibu kama filimbi, kisha unatulia. Hii ilipanda, ikatulia. Haikugonga wala haikukwaruza. Diski inayozunguka vizuri namna hiyo huizikii kwa maneno ya mtu. Hata ikiwa kimya kabisa, usiizike bado: diski nyingi za SCSI zina jampa (kifuniko kidogo cha pini cha kuchagua mpangilio) inayoiambia mota isianze mpaka kadi itoe amri, ili pawasaplai isielemewe na mota nyingi kwa mpigo. Nenda kwenye mipangilio ya kadi uone kama amri hiyo imeruhusiwa kutumwa.

Halafu nikasoma skrini. Kadi ilikuwa Adaptec 2940U2W. Mara iliiona diski kwenye namba 0, mara haikuiona, mara iliganda. Dalili ya kubadilikabadilika namna hiyo inipeleke wapi kama si kwenye kebo? Na kebo waliyoweka ilikuwa bapa, ya kawaida, mwisho wake wazi. Ile ya asili, ya nyaya zilizosokotwa, yenye tamineta (kifungio kinachomeza mawimbi ya umeme mwishoni mwa kebo) kwenye ncha, ilikuwa imetupwa kwenye boksi chini ya meza.

Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo someni taratibu. Kila kifaa kwenye kebo ya SCSI kina namba yake: 0 hadi 7 kwenye kebo nyembamba, 0 hadi 15 kwenye pana. Kadi yenyewe kwa kawaida inakaa 7, na diski ya kuwashia mara nyingi 0. Vifaa viwili vikigongana namba, usitegemee lolote. Na ncha zote mbili za njia lazima zifungwe na tamineta, la sivyo mawimbi yanarudi nyuma na kuvuruga data. Ncha zote mbili, na katikati pasiwe na nyingine. Diski za zamani zilikuwa na tamineta ndani yake, unaiwasha kwa jampa. Kuanzia kizazi cha Ultra2, chenye mfumo wa LVD (kupeleka mawimbi kwa jozi za nyaya), diski hazina tena. Tamineta inakaa kwenye kebo. Fundi aliyetoa kebo ile aling'oa kiungo muhimu, akamlaumu marehemu ambaye hajafa.

Nikarudisha kebo ya asili. Kadi ikaiona diski kila mara. Bado kompyuta haikuwaka.

Sasa hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe, ule wa usiku wa kwanza. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu ilikuwa imekwisha. Umeme ulipokatika, BIOS, programu ndogo ya ubao mkuu inayoiwasha kompyuta, ilisahau mpangilio wake na kurudi kwenye ule wa kiwandani, ambao ulianza na diski za IDE, aina nyingine ya diski isiyo ya SCSI. Ndani mlikuwa na diski ya IDE ya kuhifadhia kazi za wateja, isiyo na mfumo wa kuwashia. Kompyuta ilikuwa inagonga mlango usio na mtu. Nikaweka betri mpya, nikaitanguliza SCSI, NT ikapanda. Mzee alinishika mkono na hakuuachia.

Kwa hiyo, vijana: sikiliza, soma skrini, kagua namba, kagua ncha, ndipo uende BIOS. Msiruke hatua. Kadi za Adaptec hufunguka kwa Ctrl na A wakati zinajitambulisha. Mle ndani kuna huduma ya kuhakiki diski, na jirani yake kuna ya kufomati. Usifomati. Nasema tena, usifomati: ile inafuta kila kitu kuanzia chini kabisa. Usibadilishe kadi kwa aina nyingine kwa kubahatisha, maana kadi mbili zinaweza kuhesabu vichwa na sekta (vipande vya kuhifadhia data) za diski ileile kwa namna tofauti, na diski nzima ikakataa kuwaka. Na ukiona skrini ya bluu yenye 0x0000007B, mfumo umeanza kupanda lakini umeshindwa kuifikia diski yake. Anza kutafuta kwenye draiva ya kadi (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), halafu rudi tena kwenye ncha za kebo.

Wateja wetu hawana fedha za kutupa, na fundi anayetangaza kifo bila kukagua anawaibia, hata kama risiti yake ina muhuri. Kataeni kuwa mafundi wa namna hiyo.

Ikishawaka, usiondoke. Siku hiyohiyo nilizima, nikawasha kwa CD ya Linux, nikanakili diski yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski nzima, kwenda kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, nikamkabidhi Mzee nakala aifungie kabatini. Na mkiona sava za zamani zinapelekwa kwa wauza vyuma chakavu, ombeni kebo zenye tamineta kabla hazijakatwa.