Mixa ya analogi inayoongozwa na kompyuta: usinunue kabla hujahesabu aut zako

Kuna dogo mmoja kaniandikia inbox, "kaka, hivi hizi mixa ndogo za analogi zinazoongozwa na kompyuta zina maana au ni mbwembwe tu?" Najibu hapahapa maana najua mko wengi mnaoota studio ya maana kama nilivyokuwa naota mimi.

Zina maana, ila sio ile mnayoifikiria. Wengi mnazitaka eti saundi iwe nene. Sawa, saketi nzuri ina ladha yake, lakini vokali mbovu ukiipitisha humo itatoka mbovu vilevile, sema nene. Mimi kilichonikosha ni kumbukumbu. Sauti inapita kwenye saketi ya analogi mwanzo mwisho, humo ndani haigeuzwi kuwa namba, kompyuta kazi yake ni kupandisha na kushusha volyumu na kukumbuka ulipoiacha basi. SSL, watengenezaji wa mixa za studio, walikuwa na Total Recall (mfumo wa kukumbuka mipangilio) kwenye konsoli zao, yaani mixa kubwa, tangu miaka ya 1980, ila ile ilikuonyesha tu kwenye skrini kila kitufe kilikuwa wapi, kukirudisha ni wewe na vidole vyako, kimoja kimoja, chaneli baada ya chaneli. Leo kitu kama SSL Sigma kinakaa kwenye raki, hakina hata fida moja (kile kitelezi cha volyumu), unakiendesha ukiwa kwenye kompyuta.

Majuzi msanii wangu karudi na wimbo tuliokwisha ufunga kitambo, anataka vokali ipande nusu desibeli. Nusu! Nikafungua sesheni, mixa ikajipanga yenyewe kama nilivyoiacha, nikapandisha, nikaprinti, yaani nikaurekodi wimbo wote ukipita kwenye mixa (hapo lazima usubiri, wimbo wa dakika 4 unaprinti dakika 4, hakuna njia ya mkato), akaondoka anacheka. Yule prodyuza aliyesema mbele za watu kwamba mixa isiyo na fida ni toi ya watoto, natumaini anasoma hapa. Sina kinyongo. Ninacho kidogo.

Sasa wewe unayetaka kununua, hesabu kwanza aut, yaani matundu ya kutolea sauti, za intafesi yako (kile kiboksi kinachoingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta). Chaneli 16 zinataka aut 16, ukiwa na intafesi ya aut mbili hiyo mixa ni pambo la raki, na vijana tuache kununua vitu kwa kutamani picha za studio za watu, kwanza hesabu! Angalia na levo, yaani nguvu ya umeme unaobeba sauti, vifaa vya studio vinafanya kazi kwenye +4 dBu, vile vya nyumbani vingi ni -10 dBV, tofauti kama desibeli 12 hivi, ukichanganya utalaumu mixa bure. Kebo za DB25 (zenye plagi moja pana ya pini 25) zinabeba chaneli 8 kwa mkupuo ila waya ndani hazipangwi sawa kila kiwanda, plagi inaingia vizuri kabisa halafu sauti inatokea pasipotakiwa. Na kompresa yako ya nje (kifaa cha kubana sauti) mixa haikumbuki uliipangaje, hiyo andika kwenye daftari.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: mixa itadumu miaka mingi, programu yake je? Ukisasisha kompyuta leo na programu ya mixa haijasasishwa, unabaki na chuma kizima kisichosikia amri. Uliza hilo kabla hujatoa hela, na uliza kwa toleo la kompyuta uliyonayo sasa hivi.