Okidi Yako ya Nairobi Haifi kwa Kiu

Siku ya Akina Mama ikishapita, simu yangu haitulii. Okidi iliyoingia nyumbani na utepe mwekundu sasa imelegeza majani, na mwenye nayo anauliza aongeze maji kiasi gani. Jibu langu huwa lile lile: maji yaache kwanza. Itoe kwenye chungu tuone mizizi.

Okidi inayouzwa sana hapa mjini, kuanzia supamaketi hadi vitalu vya kando ya barabara, ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huko huishi juu ya matawi ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Mvua huilowesha, upepo huikausha. Mizizi hiyo ukiizika kwenye udongo, au ukaiacha ikiogelea ndani ya chungu cha urembo kisicho na tundu, inakosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza haunywi, ndiyo maana majani hulegea hata chungu kikiwa kimelowa chepechepe. Mwenye mmea akiona majani yamelegea anaongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Jirani yangu aliniletea yake majuzi. Tulipoichomoa, mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, na ukiibana kwa vidole ngozi inavuka, unabaki na kijiuzi tu mkononi. Michache ilikuwa bado migumu. Tulipitisha mkasi motoni, tukakata yote iliyooza, tukaipanda upya kwenye vipande vya gome la msonobari vilivyochanganywa na mkaa. Ni mkaa huu huu wa jikoni, ila usiwahi kuwashwa. Uvunje vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba na uoshe vumbi lote. Chungu kiwe cha plastiki inayoonyesha ndani, chenye matundu ya kutosha chini.

Hiyo plastiki ina kazi yake. Mzizi wenye kiu hugeuka rangi ya fedha. Ulioshiba ni wa kijani. Basi usimwagilie kwa kalenda. Tazama mizizi. Januari na Februari, jua likiwa kali na hewa kavu, yangu hunywa kama mara mbili kwa wiki. Julai, mawingu yanapokaa siku nzima, inaweza kupita wiki moja na nusu bila hata tone. Nikimwagilia, ni asubuhi, maji yapite yote na kutoka chini, kisha nafuta kwa tishu yale yaliyotuama katikati ya majani. Maji yakilala pale usiku wa baridi, moyo wa mmea huoza, na huo hauponi kirahisi.

Kuna jambo la maji yenyewe pia. Wengi wetu kwenye maghorofa tunategemea boza au kisima cha kuchimbwa, na maji mengi ya visima vya Nairobi yana chumvi na floraidi nyingi. Ukiona ukoko mweupe juu ya magome, ndiyo hiyo chumvi, na inaunguza ncha za mizizi. Kinga maji ya mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba yanatosha kujaza mtungi mkubwa hata kwa mtu mwenye kibaraza kidogo.

Kuhusu mwanga, ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa Ulaya na Marekani, na unakwambia utafute dirisha la kusini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Juni jua liko upande wetu wa kaskazini, Desemba liko kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa salama katikati ya mwaka linaweza kuchoma majani wakati wa Krismasi. Mimi napenda dirisha la mashariki lenye pazia jepesi. Jani likiwa la kijani kibichi kilichokolea sana, linataka mwanga zaidi. Likiwa na manjano na wekundu, limezidiwa. Na usiiweke karibu na bakuli la ndizi mbivu, kwa sababu gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huangusha machipukizi ya maua kabla hayajafunguka.

Maua yakipukutika, tafadhali usiitupe. Kata kikonyo kikishakauka, endelea kuitunza, na uiwekee mbolea kidogo sana, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Phalaenopsis huamshwa na ubaridi: joto likikaa chini ya nyuzi 25 kwa wiki kadhaa, huanza kutoa kikonyo kipya. Mwenzetu wa Mombasa hulitafuta joto hilo kwa shida. Sisi tunaletewa mlangoni.

Ukishaizoea, jaribu ya kwetu. Ansellia africana ina maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, na mizizi yake mingine husimama wima ikinasa majani makavu yanayoanguka. Inavumilia jua zaidi na inakaa vizuri nje, imefungwa kwenye gogo. Ila muuzaji akikuonyesha rundo lililong'olewa juzi msituni, likiwa bado na magamba ya mti, usinunue. Okidi za porini zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na nyingi zinazong'olewa hivyo hufa. Nunua iliyooteshwa kitaluni, hata kama bei ni kubwa na mmea ni mdogo.