Kadi inapasuka kwenye mkunjo, Anti nifanyeje?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya kadi za mkono, hasa zile za karatasi zenye mikwaruzo, yaani zenye uso wa kugusika kwa kidole, na karatasi za maua maua. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, msininunie.

SWALI: Shikamoo Anti. Natengeneza kadi za bethidei na za pole, natumia manila nzito ya rangi kwa sababu nataka kadi isimame vizuri mezani. Shida ni kwamba nikiikunja tu, pale kwenye mkunjo inapasuka pasuka na weupe unatokea kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kinachonichanganya zaidi, manila ni ile ile, pakti moja, lakini kuna siku inakunjika vizuri na kuna siku inapasuka. Nakosea wapi?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kisigino kimenichekesha, ila hapo kwenye "kuna siku" ndipo jibu lilipo, maana tatizo siyo siku, ni jinsi ulivyoikata.

Karatasi ni nyuzinyuzi zilizoshikana, na ile ya kiwandani inapopita kwenye mashine nyuzi nyingi zinalala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Ukikunja kufuata zilikolala zinatengana kwa upole na mkunjo unatoka laini, ukikunja kuzikatisha unazivunja moja moja, na hapo ndipo manila inapasuka. Sasa angalia hii. Karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297, inakupa kadi mbili za A6 kwa njia mbili tofauti. Njia ya kwanza unaikata katikati kwa upana upate A5 mbili, kisha kila moja unaikunja nusu, mkunjo wako una urefu wa milimita 148. Njia ya pili unaikata kwa urefu upate vipande viwili virefu vyembamba, unakunja nusu, mkunjo una milimita 105. Kadi zote zina saizi moja lakini nyuzi zimekaa tofauti! Kama nyuzi za A4 yako zinalala kwa urefu, na mara nyingi ndivyo zilivyo, ya kwanza inakunjika kama siagi na ya pili inapasuka. Nina hakika kuna siku unakata hivi na siku nyingine vile bila kujua.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Shika karatasi pande mbili, ipinde taratibu bila kuikunja, halafu igeuze uipinde upande mwingine. Upande mmoja itakubali, mwingine itakubishia. Ilikokubali ndiko unakokunja. Kama vidole vyako havijazoea bado, chukua kipande kidogo, lowanisha upande mmoja kwa maji, kitajikunja chenyewe kama bomba, na nyuzi zimelala kwa urefu wa hilo bomba.

Halafu usikunje manila nzito kwa mikono mitupu. Weka rula, pitisha kitu butu kwenye mstari wa mkunjo mara mbili tatu, sindano ya kufumia inafaa, kalamu ya wino iliyokwisha inafaa, mimi mpaka leo natumia kalamu. Hapo utaona upande mmoja kuna kijifereji na upande wa pili kuna kijituta. Kijituta ndicho kinaingia NDANI ya kadi. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu macho yanadanganya, fereji linaonekana kama linakuita ukunjie hapo. Ukishakunja bana kwa mgongo wa kijiko lakini weka karatasi safi katikati, la sivyo kadi inapata mng'ao kama suruali iliyopigwa pasi vibaya.

Kuhusu uzito, angalia namba ya gramu kwenye pakti. Karatasi ya kuprintia kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, kadi ya kusimama inataka 250 hivi mpaka 300, na ukizidi hapo unajitafutia kazi. Na huo weupe uliouona maana yake manila yako ina rangi juu tu, ndani ni nyeupe. Zipo zenye rangi mpaka ndani, ila usizitupe hizo zako, kuna mwenzio hapo chini anazihitaji.

SWALI: Anti mambo. Nimenunua karatasi za mapambo kama wazimu, za mistari, za madoa, za maua, kila moja nzuri peke yake. Nikiziweka pamoja kwenye kadi moja inakuwa kelele tupu mpaka maandishi ya hongera hayaonekani. Au mimi sina jicho?
Kelele Tupu

JIBU: Poa. Jicho unalo, ndiyo maana umeona ni kelele, asiye na jicho angeituma hivyo hivyo.

Tatizo la kawaida ni kwamba mapambo yote yana ukubwa mmoja. Ua la saizi ya sarafu karibu na doa la saizi ya sarafu karibu na mstari mnene, zote zinaongea kwa sauti moja na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Chagua moja iwe kubwa, moja iwe ndogo sana kiasi kwamba ukiiangalia kwa mbali inaonekana kama rangi moja tu, kama madoadoa madogo au mistari myembamba, basi. Na ziwe na rangi moja inayorudi kwenye zote, hata kama ni kidogo, tuseme ule ukijani wa majani ya ua ndiyo uwe rangi ya madoa. Mbili zinatosha kadi moja. Tatu naruhusu kama ya tatu ni kamkanda tu. Nne, hapana, najua kwenye picha za watu unaziona lakini hapana.

Kitu cha pili ambacho watu wanakiruka ni karatasi isiyo na kitu. Kati ya pambo na pambo weka manila ya rangi moja inayochungulia milimita 3 mpaka 5 kila upande, kama fremu. Hapo ndipo jicho linapumzika. Na sehemu ya maandishi iwe tupu kabisa, isiwe "tupu kidogo". Karatasi yenye mikwaruzo ya kugusika inakusaidia sana hapa kwa sababu haina rangi za kupigana, nyeupe yenye vinundu juu ya maua inatulia, na anayepokea akiipapasa anagundua kuna kitu ambacho hakukiona. Kwangu mimi hiyo ndiyo raha ya kadi ya mkono, kwa kuwa rangi hata kadi ya dukani inayo.

SWALI: Kadi zangu zinapinda kama bati baada ya kubandika. Natumia gundi nyeupe, naweka nyingi ili ishike.
Fundi Mchanga

JIBU: Hiyo "nyingi ili ishike" ndiyo mchawi wako. Gundi nyeupe ina maji, maji yanaingia kwenye nyuzi zinavimba, zinavimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, zikikauka zinasinyaa na kuvuta upande mmoja. Weka kidogo, sambaza kwa kipande cha manila kama unapaka rangi ukutani, bandika, kisha laza kadi chini ya vitabu usiku mzima. Nyuzi za karatasi ya juu na za kadi ya chini zilale upande mmoja, zisipolala hivyo zitavutana tu. Ikikataa kabisa bandika karatasi nyingine ndani ya kadi, mvuto wa pande mbili unalingana na inanyooka.

LAKINI kama paneli yako, yaani kile kipande unachobandika juu ya kadi, ina mikwaruzo au vinundu ulivyovinyanyua mwenyewe, usiiweke chini ya vitabu, utakuta asubuhi imelala chapati. Hiyo bandika kwa selotepu ya pande mbili. Karatasi ile inayopitisha mwanga nayo inaonyesha kila gundi uliyopaka, kwa hiyo ibane sehemu moja tu, chini ya utepe au chini ya ua, au ishone.

SWALI: Habari Anti, mimi sina ile mashine ya kunyanyua mapambo kwenye karatasi na sidhani kama nitaipata karibuni. Kuna namna ya kupata karatasi yenye mikwaruzo bila mashine? Nimejaribu kukwaruza kwa uma ikachanika.
Mkono Mtupu

JIBU: Uma jamani! Pole.

Namna zipo nyingi mno na kwa kweli mimi mashine ninayo ila imekaa juu ya kabati, kwa sababu mapambo yake nayajua yote na yanafanana na ya kila mtu mwenye mashine kama yangu.

Anza na kufinyanga. Chukua manila nyepesi, nyunyizia maji kidogo sana, ifinyange mkononi kama unataka kuitupa, ifungue taratibu, irudie kama una roho ngumu, halafu iache ikauke imelala. Ikikauka pitisha msasa laini juu juu. Hapa ndipo zile manila za Mama Wawili zenye weupe ndani zinapong'aa, kwa sababu msasa unakwangua kila mkunjo na weupe unatokea kama ramani ya mito. Kama manila ina rangi mpaka ndani msasa hautaonyesha kitu, basi paka chaki au wino mkavu juu ya mikunjo kwa kitambaa.

Ya pili ni kunyanyua kwa mkono. Kata umbo kwenye manila ngumu, hiyo ndiyo stensili yako, ibandike kwa selotepu nyepesi upande wa MBELE wa karatasi, kisha geuza yote uweke kwenye kioo cha dirisha mchana, mwanga utakuonyesha umbo. Sasa kwa nyuma fuata kingo za umbo kwa sindano ya kufumia yenye ncha ya mviringo, bila haraka, kwanza nyepesi kisha kwa nguvu. Karatasi isizidi gramu 200 hivi, nzito zaidi ya hapo utaumia kidole. Sugua karatasi ya nta upande wa nyuma kabla ya kuanza, sindano itateleza wala haitachana. Na kama ni herufi usiogope ukiziona kinyume, wewe uko nyuma, mbele zitasomeka.

Ya tatu ni boksi. Lile boksi la kawaida lina mawimbi katikati yaliyofichwa na karatasi mbili. Lowanisha uso mmoja kwa sponji, subiri kidogo, uchune. Usiloweke, maana gundi ya humo ni ya wanga na ikilowa sana mawimbi yenyewe yanaachia unabaki na uji. Mawimbi yakisimama wima kwenye kadi yanaonekana tofauti kabisa na yakilala, jaribu yote mawili kabla ya kubandika.

Kama una cherehani, tumia sindano bila uzi, inatoboa mistari mizuri sana. Sindano iwe ya zamani. Niliwahi kutumia mpya kisha nikarudi kushona blauzi, karatasi ilikuwa imeifanya butu na kitambaa kikavutika nyuzi mpaka mwisho, blauzi nikaifanya dasta.

Mwisho ni kuchana. Kama una karatasi za nyuzi ndefu, mfano washi ya Kijapani inayotokana na mti wa kozo au ile lokta ya Nepali, usiikate kwa mkasi, utaiua. Chora mstari kwa brashi yenye maji, subiri inywe, kisha vuta pande mbili taratibu, ukingo unabaki na manyoya manyoya kama wingu. Nyuzi zake ndefu ndizo zinafanya hivyo, ukijaribu kwenye karatasi ya kuprintia unapata mchaniko tu.

SWALI: Nikiandika kwenye karatasi yenye mikwaruzo wino unatapakaa na mwandiko unakuwa kama wa kuku. Na bahasha nazo kadi haziingii.
Bila Jina

JIBU: Usiandike humo. Bandika ndani karatasi laini ndogo kuliko kadi milimita 5 kila upande, tena iandike KABLA ya kuibandika, ukikosea unatupa karatasi siyo kadi nzima. Bahasha ya kadi ya A6 inaitwa C6, milimita 114 kwa 162, ila imetengenezwa kwa kadi nyembamba. Ukishaweka vipande vya sponji vya kuinulia mapambo na maua ya kunyanyuka inabidi uunde bahasha yako yenye mbavu kama kijisanduku, au umkabidhi mtu mkononi.

SWALI: Anti usinicheke. Nina karatasi nzuri sana, shiti kubwa za inchi 12 kwa 12, miaka mitatu sasa nazitoa naziangalia nazirudisha. Siwezi kuzikata.
Mlinzi wa Karatasi

JIBU: Sikucheki, na mimi ninazo zangu kwenye bahasha ambayo hata binti yangu hajui iliko.

Hebu tufanye hesabu tu bila kushika mkasi. Shiti yako ina sentimita 30.5 kila upande. Paneli ya kadi ya A6, ukiacha fremu ya milimita 5, ni sentimita 9.5 kwa 13.8. Kwa upande mmoja zinaingia tatu, kwa mwingine mbili, kwa hiyo shiti moja ni kadi sita, na bado unabaki na mkanda wa sentimita 2 na mwingine wa karibu 2.9 wa kuangalia na kurudisha kabatini. Anza na ile unayoipenda namba mbili, ya kwanza iache ilale.