Mlango wa gereji kwanza, mishumaa baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Msimu wa vimbunga unaanza Juni 1. Nyumba yako umeiandaaje?" Mimi naishi Houston, na kwangu kazi hii huisha Mei, kabla kimbunga chochote hakijapewa jina.

Naanza na bima, maana ndiyo inayowaponza wengi wetu huku. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya mafuriko ya serikali hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baadaye. Ukiikumbuka kimbunga kikiwa tayari Ghuba ya Meksiko, imekula kwako. Wala usijipe moyo kwamba "hiki ni cha daraja la kwanza tu, lile la chini kabisa." Madaraja yale ya vimbunga hupima upepo, hayapimi maji. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipotufikia upepo wake ulikuwa umeshapungua. Mvua ndiyo iliyozamisha mitaa, hata ile ambayo kwenye ramani ilionekana salama.

Kwenye nyumba yenyewe watu hukimbilia madirisha. Jirani yangu kila mwaka hubandika tepu kwa alama ya X. Kazi bure! Tepu haizuii kioo kuvunjika. Bora plaiwudi ya unene wa milimita 16, ikatwe na kutobolewa mapema, na kila kipande kiandikwe dirisha lake: "chumba cha watoto, kushoto." La sivyo utakuwa juu ya ngazi ukijaribisha mbao nzito huku mvua imeshaanza. Lakini ninachokihofia zaidi ni ule mlango mpana wa gereji. Ukibonyea tu, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka chini, na hapo kenchi huachia. Wangu nimeufunga vyuma vya kukatiza upande wa ndani.

Halafu jenereta. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, wengine zaidi ya wiki, na joto la hapa mnalijua. Jenereta iwe nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi usielekee dirishani. Gereji iliyofunguliwa mlango si nje. Kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa usingizini; nunua king'ora chake cha betri.

Mishumaa sinunui kabisa. Tochi zinatosha, na upepo ukishachachamaa hakuna gari la zimamoto litakalotoka kuja kwako.

Msomaji, Houston, Texas