Miaka ya Ufilisi Ikiisha, Dai Barua Yenye Mhuri

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, muflisi huondolewa katika hali hiyo na sheria yenyewe baada ya miaka 3, bila ya kulazimika kupeleka ombi mahakamani, ilimradi hapana aliyeweka pingamizi. Ni jambo la rehema, lakini lina dosari ambayo nimeionja mwenyewe hapa Malindi: siku hiyo hupita kimya. Hapana karani atakayekupigia simu wala tarishi atakayebisha hodi na bahasha. Wewe unajua kwamba umeshakuwa huru, ila benki haijui, hoteli unayotaka kuiuzia samaki haijui, na neno lako tupu haliwatoshi.

Kabla ya kuomba barua ya kuthibitisha kwamba umeondolewa, hakikisha kwamba muda umekwisha kweli. Watu huhesabu tangu siku mahakama ilipotoa amri ya ufilisi, ilhali miaka hiyo 3 huanza kuhesabiwa siku muflisi alipowasilisha taarifa ya mali na madeni yake kwa msimamizi wa mali. Aliyeikalia taarifa hiyo miezi kadhaa, basi na uhuru wake umesogea mbele kwa miezi hiyo hiyo. Kwa hivyo nakala ya taarifa yako, yenye mhuri wa kupokewa, ndiyo karatasi ya kwanza ya kuitafuta nyumbani. Ukiwa na wasiwasi kwamba mdai mmoja aliweka pingamizi, uliza mapema, kwa sababu pingamizi hulirudisha suala lote mbele ya mahakama.

Mahali pa kuomba hutegemea jinsi ulivyoondolewa. Aliyeondolewa kwa kupita muda humwandikia Mpokeaji Rasmi, afisa wa Serikali anayesimamia mambo ya waliofilisika chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na kumwomba athibitishe kwa maandishi. Aliyeondolewa mapema kwa amri ya mahakama huiendea masjala ya Mahakama Kuu ilikosikilizwa kesi yake, akaomba nakala iliyothibitishwa ya amri hiyo. Katika ombi lako taja namba ya kesi, tarehe ya amri ya ufilisi, tarehe ya kuwasilisha taarifa na namba ya kitambulisho. Omba pia jibu litaje tarehe ulipoondolewa, kwani barua inayosema tu kwamba "huyu si muflisi" humwachia msomaji maswali.

Jambo lililonichosha kuliko yote ni majina. Sisi watu wa pwani twajua hali zetu: kitambulisho kinasema Mohamed, hati ya nyumba inasema Muhammad, akaunti ya benki ina jina la baba bila la babu, na tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali limeandika jina la ukoo ambalo mtu halitumii popote. Barua ikitoka kwa jina moja na faili la benki likawa kwa jingine, karani ana haki ya kusita, maana mji huu una watu wengi wanaoitwa majina yale yale. Dawa yake ni hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, inayoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Iambatanishe na ombi tangu mwanzo. Nani asiyejua adha ya kurudishwa kaunta kwa ajili ya herufi mbili?

Utakutana pia na makarani wanaosisitiza kuona amri ya mahakama hata kwa aliyeondolewa kwa kupita muda. Siwalaumu sana. Sheria ya zamani, Sura ya 53, ilimtaka muflisi aiombe mahakama imwondoe, na mazoea ya ofisi hayafi pamoja na sheria. Benki moja ilinijibu hivyo hivyo. Nilichofanya ni kuomba jibu lao kwa maandishi, kisha nikawapelekea barua pamoja na nakala ya kifungu cha 254 cha sheria mpya ya 2015. Kubishana kaunta hakusaidii, kwani anayeamua mara nyingi hayupo pale.

Barua hiyo ina kazi nyingi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, katika kifungu cha 55, haimruhusu muflisi kushindania zabuni, na Katiba, katika ibara za 99 na 193, inamzuia kugombea ubunge au kiti katika bunge la kaunti. Hata hivyo kuondolewa ufilisi hakufuti kila kitu. Deni lililopatikana kwa ulaghai hubaki, matunzo ya mke na watoto hubaki, na mdhamini wako haondolewi dhamana. Shemeji aliyekudhamini anaweza kuendelea kudaiwa wakati wewe umeshapumua, na hilo yafaa umweleze wewe mwenyewe kabla hajalisikia kwa wakili wa mdai.

Kumbukumbu za mikopo ni mlango mwingine kabisa. Metropol, TransUnion na Creditinfo, kampuni zinazoweka kumbukumbu hizo, zina mafaili yao, na kuondolewa ufilisi hakuyasafishi. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ichukue, na ukikuta ungali unaandikwa kuwa muflisi, peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na nakala ya barua iliyothibitishwa. Barua ya asili usiiache kwa yeyote.